Bibi Harusi wa Kila Alhamisi

Kisiwani Jerba hajapata kutokea baba aliyemwoza binti yake mara nyingi kama Farhat. Kila Alhamisi, tangu milozi inapochanua hadi zeituni zinapoiva, alimwoza Nejiya langoni kwake mbele ya basi zima la wageni. Wakwe zake walikuwa Wajerumani, Wapolandi, Wabelgiji, kila wiki mmoja, aliyechaguliwa na wenzake kwa vicheko na kuvishwa kofia nyekundu. Kuna mmoja, daktari wa meno mstaafu mwenye goti bovu, alilia machozi ya kweli alipokabidhiwa bibi harusi, na mkewe alikuwa pembeni anampiga picha. Baada ya hapo walikula mkate wa moto kwa mafuta ya zeituni, wakapanda basi, wakarudi zao hotelini. Nejiya alivua mapambo, akaingia jikoni kuosha bilauri za chai.

Mambo yalikwenda hivi. Nejiya alitoka ndani amefunikwa uso, akapita chini ya burnusi ya baba yake, lile joho zito la sufu ambalo baba hulinyanyua kwa mkono wa kulia ili binti apite ubavuni pake mara ya mwisho. Kisha alipanda jahfa, kibanda cha fito kilichozungushiwa mashuka mekundu juu ya mgongo wa ngamia. Farhat alifungua mwavuli wake wa manjano, ule wa kuwaongozea wageni wasipotee, akatangulia. Nyuma yake ngamia, nyuma ya ngamia ngoma na zumari, nyuma ya zumari wageni na simu zao. Walizunguka mitende, wakafika penye kinu cha kale cha mafuta kilichochimbwa chini ya ardhi, wakakata kushoto, wakapita nyuma ya duka la mazulia, wakarudi langoni palepale walipotoka. Hapo ngamia, jina lake Zarzuri, alipiga magoti akapewa tende. Sidhani kama kuna mtu aliyeipenda harusi ile kuliko Zarzuri.

Zamani haikuwa maonyesho. Mabruka, mama yake Nejiya, aliletwa kwa Farhat ndani ya mashuka yaleyale, kijiji kizima kikishuhudia na hakuna hata picha moja iliyopigwa. Farhat alikuwa kijana mwembamba, amesimama langoni na asmini sikioni, anasikiliza. Bibi harusi wa Jerba haletwi kwa njia iliyonyooka. Anazungushwa, anapitishwa huku na kule kati ya mizeituni, ili jicho la husuda lisijue atatokea wapi. Kwa hiyo zumari lilisikika kulia, likapotea, likasikika kushoto, likapotea tena, na kila lilipopotea Farhat alidhani wamebadili nia. Hadi uzeeni, akisikia zumari la mbali alisimama kulisikiliza kama siku ile.

Miaka michache baadaye mabibi harusi walianza kupanda magari yenye riboni na honi, na jahfa ikawekwa darini. Ni Mabruka mwenyewe aliyesema ishushwe. Hoteli zilikuwa zimejaa pwani nzima, Farhat amekwisha kupata kibali cha kutembeza wageni, na kila siku anarudi anasema wageni wamechoka kuonyeshwa vyungu. Mabruka akasema waonyesheni harusi, angalau mashuka ya bibi yangu yasiliwe na nondo. Aliimba yeye, akawa mama wa bibi harusi, na watoto wa ndugu walipokezana kuwa bibi harusi mpaka wakaolewa kweli. Maradhi yalipomchukua Mabruka, Nejiya alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Akaingia yeye kwenye jahfa, na hakutoka tena kwa miaka.

Sasa Nejiya alikuwa amechumbiwa. Kijana aliitwa Lasadi, mtu wa kijiji cha Mahbubin, na kama wanaume wengi wa Jerba alikuwa na duka la vyakula huko Tunis. Maana yake binti ataondoka, si kijijini tu bali kisiwani. Farhat alimpenda kijana, hakuwa na neno naye. Alichoomba ni kimoja tu: Nejiya atoke kwa jahfa, kama mama yake. Nejiya akakataa. Alitaka gari na ukumbi wa mjini Humt Suk, kama wenzake wote.

"Baba, nimepanda ile jahfa mpaka kiuno kinaniuma," alimwambia. "Na kila nikipanda nashtukia nimerudishwa hapahapa. Sijafika mahali hata siku moja."

Farhat hakubishana. Lakini siku zilizofuata alionekana ameyatandaza mashuka mekundu juani, kisha amekaa kizingitini anajaribu kushona pindo lililofumuka. Uzi haukuingia kwenye tundu la sindano. Aliulowesha kwa mate, akausokota, akaulenga tena, ukakataa. Nejiya alimtazama kutoka jikoni kwa muda, akaja, akamnyang'anya sindano, akaketi karibu naye kushona. Pindo likaisha.

"Nitapanda," alisema Nejiya. "Lakini siku hiyo sitaki mgeni hata mmoja. Na wewe usiwe kiongozi wa wageni. Siku hiyo moja tu uwe baba yangu."

"Kwani siku nyingine mimi nani wako?"

"Siku nyingine wewe ni wa basi zima."

Maneno hayo yalimchoma Farhat, na yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Akaapa. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la Mabruka kwamba siku hiyo atakuwa baba na si kitu kingine. Tangu hapo akawa anatafuta neno la kumwambia binti yake langoni, neno moja la haki, lisilowahi kusemwa kwa wageni. Alilitafuta akitembea, alilitafuta akinyoa ndevu. Mtu aliyeweza kuzungumza Kifaransa na Kijerumani kutwa nzima juu ya mtungi mmoja wa kunasia pweza, sasa alikosa neno moja la lugha yake.

Siku ilifika. Ua ulijaa jamaa, wali wa mvuke ulinukia hadi barabarani, na watu wa Mahbubin wakaja kumchukua bibi harusi wao, wakiongozwa na Khmais, ami yake Lasadi, mzee mrefu mwenye kujiamini aliyesema kamba ya ngamia ataishika mwenyewe. Ndivyo desturi ilivyo. Baba wa bibi harusi hamfuati binti yake. Anamfunika burnusi, anamwachilia, anabaki nyumbani na watu wake.

Dada yake Farhat, Yamna, ndiye aliyemvalisha Nejiya na kumtoa. Alasiri ilikuwa njema, jua limelegea. Farhat alisimama langoni, akanyanyua mkono wa kulia, burnusi ikafunguka. Nejiya akaingia chini yake, bega lake likamgusa baba ubavuni. Wakati huohuo ngoma ikapigwa, pigo lilelile la Alhamisi. Na ulimi wa Farhat, ambao haukuwa umengoja ruhusa miaka yote hiyo, ukaondoka wenyewe.

"Sasa baba anamuaga bintiye," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kumfikia aliye nyuma kabisa. "Wenye kamera tafadhali wasogee huku, upande ule jua litawaharibia picha."

Na mkono wake wa kushoto ukaonyesha upande wenyewe.

Hapakuwa na kamera. Palikuwa na mashangazi, binamu na majirani. Vijana wawili watatu wakacheka, mmoja akapiga makofi, wakadhani mzee anafanya mzaha. Nejiya alisimama chini ya burnusi kwa pumzi moja. Farhat alihisi bega lile likijitenga na ubavu wake. Kisha binti akatoka upande wa pili, akapandishwa kwenye jahfa, pazia likateremshwa, Zarzuri akainuka, vigelegele vikapaa, wakaenda.

Farhat aliingia ndani, akaketi ukingoni mwa kisima cha maji ya mvua. Alikuwa amevaa burnusi yake bado na jasho likimtoka. Yamna alibaki naye, kwa kuwa miguu haikumruhusu kwenda Mahbubin. Yamna ni mwanamke wa kusema, na Farhat alijiandaa kutukanwa. Angelipenda kutukanwa. Lakini dada mtu alimtazama tu, akasema kwa huruma, "Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," akaenda kufunika sufuria.

Hakuna kitu kinachouma kama kuharibu jambo ambalo halirudiwi. Alhamisi akikosea, kuna Alhamisi nyingine. Hii haikuwa na nyingine. Alikaa pale akisikia zumari linavyokwenda upande wa mitende. Likapotea. Akafunga macho, akarudi ujanani, langoni, asmini sikioni. Likasikika tena kulia, dogo, halafu likapotea, na Farhat akajisemea kwamba watu wa Mahbubin kumbe bado wanajua kumzungusha bibi harusi. Hata katika uchungu wake jambo hilo lilimfariji kidogo.

Kisha likasikika kushoto, na safari hii lilikuwa karibu. Likazidi kuwa karibu. Farhat akafungua macho. Njia ile aliijua kwa unyayo. Alijua kila mahali zumari linapogonga ukuta na kurudi. Lilikuwa nyuma ya duka la mazulia.

"Dada," alisema, "wanarudi."

"Nani anarudi?"

Farhat alikuwa amekwisha kusimama.

Ilikuwa hivi. Walipofika kinuni, Zarzuri alikata kushoto kama alivyokata kila Alhamisi ya maisha yake. Khmais, aliyekuwa ameshika kamba, hakuzijua njia za kijiji kile, akadhani jamaa wa bibi harusi wamepanga mzunguko wao. Jamaa wa bibi harusi wakaona kamba iko mkononi mwa Khmais, wakadhani mzunguko ni wa watu wa Mahbubin. Wapiga ngoma hawakudhani kitu, miguu yao nayo ilizoea. Na hakuna aliyeuliza, kwa sababu njia ya bibi harusi haiulizwi. Ukiuliza umeliambia jicho la husuda. Basi kwa ngoma, kwa zumari, kwa vigelegele na furaha kubwa, wakamrudisha bibi harusi kwa baba yake.

Zarzuri alisimama langoni, akapiga magoti, akanyoosha shingo kungoja tende zake.

Ngoma ilikufa. Zumari lilimalizia kwa mlio mbaya. Yamna alishika mdomo. Bikizee mmoja alianza kunong'ona, na wa pili akamfuata, kwamba asishuke, asiguse chini, mwari akikanyaga kwa baba yake kabla hajakanyaga kwa mumewe ndoa haina maisha. Khmais, ambaye sasa amekwisha kuelewa, aliwaka hasira, akataka kuambiwa ni ngamia gani huyu na ni ukoo gani huu. Binamu wakaanza kumjibu. Farhat alipita katikati yao bila kuwasikia, akaenda mpaka kwenye pazia jekundu, akainama.

"Baba," sauti ilisema kutoka ndani, "ni wewe?"

"Ni mimi. Usishuke, mwanangu. Ngamia amekosea njia."

"Najua. Nilijua tangu kinuni. Nilihisi anakata kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Sikutaka kuondoka vile," alisema.

Farhat aliweka mkono juu ya fito za jahfa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kusema alishindwa kabisa kusema, na hakujali nani anamtazama. Alivua burnusi mabegani, akaipenyeza paziani, akamfunika nayo binti yake kichwani na mabegani, gizani humo asimomwona. Mkono wake akauacha juu ya kichwa chake. Watu wakaona mzee ameingiza mkono mpaka kwapani ndani ya jahfa na uso ameuegemeza kwenye shuka, na Khmais mwenyewe akanyamaza.

"Mama yako alifika kwangu wanja umemchirizika mpaka kidevuni," alisema hatimaye, kwa sauti ya kumfikia mtu mmoja. "Nikaogopa. Nilidhani hanitaki. Baadaye ndipo aliponiambia. Baba yake alimfunika burnusi, akataka kumwambia neno, likamkwama, akabaki ameshika kichwa chake tu. Mama yako alisema hicho ndicho alicholilia njia nzima. Hili sijamwambia mgeni hata mmoja. Lilikuwa langu. Sasa ni lako."

Vidole vya Nejiya, vyenye hina mbichi, vilishika mkono ule juu ya kichwa chake. Alikuwa analia, na Farhat naye, na hakuna aliyeharakisha.

"Nenda, mwanangu," Farhat alisema. "Nenda ufike."

Akatoa mkono, akateremsha pazia vizuri, akarudi nyuma. Khmais akakung'uta kamba. Zarzuri hakuinuka. Alipigwapigwa makofi ubavuni, akavutwa, akabembelezwa kwa majina ya mapenzi na ya matusi. Aliinuka, akapiga hatua, akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, akarudi kupiga magoti. Binamu mmoja akasema labda apewe tende, mwingine akasema akipewa tende ndiyo basi, atajua safari imeisha.

"Anataka mwavuli," ilisema sauti ya Nejiya kutoka ndani.

Watu wakacheka, kwanza wachache, halafu ua mzima, kicheko cha watu walioogopa. Farhat hakucheka. Alisema hawezi. Ameapa leo si kiongozi wa mtu. Na hata asingeapa, desturi ni desturi, baba hamfuati binti yake kwenda kwa mumewe. Mahbubin watasema nini?

Hapo Yamna alijikongoja mbele ya watu, mkono kiunoni. "Desturi ilikataza baba kumfuata binti," alisema. "Haikumkataza kumtangulia. Nani hapa amewahi kusikia imekatazwa?" Aliwatazama bikizee mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kusikia.

"Chukua mwavuli, baba," alisema Nejiya. "Ila usiseme kitu."

Mwavuli ukaletwa. Farhat akaufungua, akatangulia mbele ya ngamia bila burnusi, kwa shati lake jeupe, na Zarzuri akainuka kama aliyeitwa jina. Walizunguka mitende. Walipofika kinuni Farhat alikata kulia. Nyuma yake nyayo za ngamia zikasita. Hakugeuka. Aliuinua mwavuli kidogo tu juu ya kichwa, akaendelea kutembea, na baada ya muda nyayo zikamfuata.

Njia ile alikuwa ameieleza maisha yake yote. Msikiti mweupe ulioshuka chini ya ardhi, tanuri za wafinyanzi, mitungi ya pweza iliyopangwa ukutani, kipande cha bahari kinachoonekana kati ya mizeituni kisha kinafichika. Kila kitu kilikuwa na maneno yake, na maneno yalimjia mdomoni kwa zamu, na Farhat akayameza moja baada ya jingine. Yalipokwisha, akaanza kuona. Aliona mzeituni alioegemea Mabruka siku walipokwenda kuchuma akiwa na mimba ya Nejiya. Aliona ukuta alioujenga na baba yake Mabruka, umeinama. Hakujua kwamba bado vipo.

Mahbubin walisikia zumari kulia, likapotea, likasikika kushoto. Lasadi alikuwa amesimama langoni kwao, amechelewa kuletewa bibi harusi, asmini imemnyaukia sikioni, na uso wake ulikuwa wa kijana anayedhani wamebadili nia. Farhat aliujua uso ule. Aliwahi kuuvaa. Akafunga mwavuli, akapisha, akageukia upande wa mizeituni ili asimwone binti yake anaposhuka, maana hilo kweli halikuwa lake. Alisikia tu Zarzuri akipiga magoti, na vigelegele vya wanawake wasio wa kwao.

Walimsihi abaki ale. Lasadi mwenyewe alimbusu kichwani. Farhat akashukuru, akasema ngamia lazima arudi kabla ya giza, akaondoka.

Safari ya kurudi hakushika mwavuli wala kamba. Zarzuri alitangulia, jahfa tupu ikiyumba mgongoni, naye akafuata nyuma. Kinuni ngamia alishika njia yake, nyuma ya duka la mazulia, mpaka langoni. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Zarzuri akapiga magoti, akangoja. Tende alikuwa hapewi mpaka bibi harusi ashuke, na mwenyewe alilijua hilo.

Farhat akaenda kufungua pazia, kama Alhamisi. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe kufungua burnusi, ukakuta shati tu. Burnusi ilikuwa Mahbubin. Kwenye mto palikuwa na shimo dogo la mahali alipokaa mtu, na maua mawili ya asmini.

"Ameshuka," alimwambia ngamia. "Ameshuka kule."

Akaingia ndani, akaleta tende, akampa zote.